Trekta Linalosemekana Kunililia

Leo ni tarehe kumi na nne Septemba. Nimekaa huku ugenini miaka thelathini na mmoja, miezi mitano, na siku kadhaa ambazo niliacha kuzihesabu magoti yalipoanza kuzihesabu yenyewe.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Trekta,
Ushirika wa Wakulima.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA TREKTA LA USHIRIKA, NA DHIDI YA KAMATI INAYOLITETEA

Barua yenu imenifikia, pamoja na kumbukumbu za vikao vitatu, ripoti ya fundi wa mjini, ramani moja, na picha ya trekta iliyopigwa kutoka mbele ili lionekane uso. Nimesoma yote mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani yangu na mara ya pili kwa miwani ya mke wangu, nikitumaini kwamba kosa liko kwenye miwani. Haliko.

Nieleze kwanza nilivyoelewa, ili msije mkasema mzee amechanganyikiwa. Trekta likisimama linanguruma vizuri. Likienda sokoni na tela tupu linakwenda bila tabu. Lakini likishusha plau na sahani yake ya kukata udongo ikazama ardhini, sauti inashuka, linakohoa mara mbili, linazima. Mvua za kwanza zimebakiza wiki tatu. Kaya sabini na mbili zinasubiri kulimiwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja mara mbili na mnyororo wake, na mmemwambia arudi mwisho wa mwezi. Kama trekta bado halivuti, alichukue. Dereva ni mdogo wangu. Na kamati, baada ya kukaa vikao vitatu, imegundua kwamba ugonjwa wa trekta ni kunililia mimi, na dawa yake ni mimi nirudi.

Sijawahi kuwa dawa ya kitu chochote. Naomba kulalamika kama ifuatavyo.

1. Nalalamikia kumbukumbu namba saba ya kikao cha mwezi uliopita, isemayo: "Kamati imejiridhisha kwamba trekta lina majonzi ya dereva wake wa kwanza." Nauliza kwa heshima, mlijiridhisha kwa kipimo gani? Trekta halina majonzi. Lina silinda nne, pampu, na kiti kinachochoma likiachwa juani. Mnasema likiwa halina mzigo ni simba, likibeba ni mgonjwa. Ndugu Mwenyekiti, hata mimi nikiwa nimekaa kitini ni kijana wa miaka ishirini. Nipe ndoo ya maji na ngazi za ghorofa ya tatu ndipo utakapoujua umri wangu, na bado hakuna aliyewahi kuandika kwamba namlilia mtu.

Tena wewe mwenyewe, asubuhi ile mliponiaga mlangoni pa ghala, ulinipiga begani ukasema mbele ya watu: "Nenda salama, kaka. Trekta halitajua hata kama umeondoka." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimeshika sanduku mkono mmoja na godoro mkono wa pili na sikuwa na nafasi ya kufanya jambo jingine. Naomba kauli hiyo iingizwe kwenye kumbukumbu kabla ya namba saba, kisha kamati iamue ipi kati ya hizo mbili ni ya kweli.

2. Koti. Nimearifiwa kwamba mmelitungua koti langu la kaki kutoka kwenye msumari wa bandani, mkamvisha mdogo wangu anapoendesha, ili trekta "lisigundue". Mdogo wangu ni mfupi na mpana. Mimi ni mrefu na mwembamba. Ndani ya koti lile, kwa mujibu wa picha, anafanana na gunia lililoazima nguo. Kama trekta linaweza kudanganywa na hilo, basi halina akili ya kunikumbuka. Na kama lina akili ya kunikumbuka, mmelitukana. Chagueni moja.

Naona pia katibu wenu ameshona kifungo kipya, chekundu, kifuani mahali palipopungua kimoja, "ili mgonjwa asione unyonge". Upungufu wa kifungo kile ulikuwa wangu. Sikuomba ushonwe.

3. Simu. Jumapili ya wiki iliyopita tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kula. Simu ikalia, nikasikia sauti yako: "Shikamoo kaka! Usikate, nakupa mgonjwa." Kabla sijauliza mgonjwa gani, nikasikia pumzi nzito za harakaharaka, kama za mtu aliyefukuzwa na ng'ombe. Mke wangu, ambaye masikio yake yamekataa kuzeeka, aliuliza kutoka upande wa pili wa chumba, "Nani huyo anayekupumulia hivyo?" Nikamwambia ni trekta. Akasema, "Haya, ongea naye. Mimi natoa vyombo." Tangu siku hiyo, kila asubuhi akimimina chai, ananiuliza mke mwenzake ameamkaje.

Nilizungumza dakika kumi na moja. Sikatai. Nilianza kwa kulikaripia. Nilisema, "Wewe, acha upuuzi, mvua inakuja." Kisha, kwa kuwa lilikuwa linasikiliza, nikauliza kama tairi la nyuma la kushoto bado linapungua upepo. Yaliyofuata siyakumbuki vizuri, na naomba yasiandikwe. Mlichoandika ni kwamba nilipofika kwenye habari ya tairi, "trekta lilishikwa na kwikwi na kufuka moshi mweusi wa huzuni".

Sasa nauliza: simu mliiweka wapi? Mdogo wangu ameniambia. Kwenye mdomo wa bomba la hewa, kwa sababu wajumbe waliona ndilo linalofanana na sikio. Injini ilivuta hewa, ikaivuta na simu yako pamoja na mkoba wake wa ngozi, bomba likaziba. Mtu yeyote akizibwa pua kwa simu atapata kwikwi. Na moshi mweusi maana yake ni dizeli nyingi na hewa kidogo. Hauna maana nyingine. Moshi haujui kusikitika.

4. Picha yangu. Mlikwenda kwa shangazi, mkaitoa ukutani ile picha ya fremu niliyopiga nikiwa na nywele, mkaifunga kwa waya mbele ya rejeta. Kumbukumbu zinasema kwamba baada ya nusu saa ya kutazamana nayo, "machozi yalimtoka". Yale ni maji ya rejeta. Yalichemka. Injini hupoa kwa upepo unaopita kwenye rejeta, nanyi mmeuzuia upepo kwa uso wangu. Sura yangu imezuia mambo mengi katika maisha yangu, ikiwemo posa mbili, lakini hii ni mara ya kwanza kuzuia upepo. Picha irudishwe kwa shangazi. Kioo kikiwa kimepasuka, kamati ilipe.

5. Dereva. Sipendi kumsema mdogo wangu wa tumbo moja mbele ya watu, lakini tumeshafika hapa. Trekta nililiacha likivuta sahani tatu za plau katika udongo mzito wa bondeni bila hata kubadilisha sauti. Msimu uliofuata, chini yake, likashindwa. Mkatoa sahani moja. Miaka ikapita, mkatoa ya pili. Leo linalima kwa sahani moja, kama mtu anayekula uji kwa kidole, na hata hiyo moja sasa haliiwezi. Mkamwita Polepole. Watoto wakalidaka jina hilo, nasikia hata kwenye daftari la zamu limeandikwa hivyohivyo. Shemeji, mkewe, aliniandikia kwamba sokoni wanamuuliza, "Polepole, shambani umetoka leo au mwaka juzi?" naye anacheka nao na kununua chumvi yake.

Nilisema wakati ule, na nasema tena leo, kwamba mguu wake ni mzito kwenye klachi na mkono wake ni mwoga kwenye mafuta. Msitafute mchawi mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Chini ya barua yenu, baada ya sahihi zote saba, ameongeza mstari wake kwa penseli: "Kaka, wakiliuza, mimi nitakuwa nani?" Nimeusoma. Kwa kuwa swali hilo halikutoka kwa kamati, silijibu hapa.

6. Fundi wa mjini. Ripoti yake ni kurasa mbili, hati safi. Anasema tangi limeoshwa na kifuniko chake kina tundu la kupumulia. Chujio la dizeli ni jipya, la hewa ni safi. Breki hazikwami, klachi haitelezi, nozeli zinapuliza dizeli sawasawa, mgandamizo wa injini unatosha. Anamalizia: "Likivuta plau halitoi moshi wa rangi yoyote, bali linakufa kimya. Chuma hiki hakina ugonjwa ninaoujua." Ni kwenye sentensi hiyo ya mwisho kamati iliporukia majonzi, kama panzi.

Naipinga ripoti neno kwa neno. Tangi limeoshwa na nani? Mapipa yenu nayajua. Moja lilikuwa la asali na jingine la rangi ya kijani, na mlikuwa mkibishana lipi ni lipi. Tundu la kupumulia alilipima kwa nini, kwa macho? Klachi haitelezi, huku nani yuko juu ya kiti? Chujio "jipya" limetoka duka gani? Mimi nasema hivi: injini inayokufa kimya, bila moshi, ina njaa ya dizeli. Ingekosa hewa ingefuka moshi mweusi, kama ilivyofanya mlipoilisha simu. Mahali fulani kati ya tangi na silinda dizeli inazuiwa, na fundi wenu, pamoja na hati yake safi, ameshindwa kupaona. Mwenye njaa hatibiwi kwa kuonyeshwa picha ya mtu.

Jambo moja tu nalisifu. Anaandika kwamba pembeni mwa pampu ya dizeli alikuta skrubu iliyofungwa kwa waya na donge la madini ya risasi, na juu ya donge "muhuri wa kiwandani, ua la matundu manne". Hakuugusa, kwa kuheshimu Kanuni ya Tisa ya Ushirika: kilichofungwa kwa muhuri hufunguliwa na aliyekifunga. Mnaongeza kwa fahari kwamba mafundi watano wameifikia pampu ile katika miaka hii, na wote watano wamesomewa Kanuni ya Tisa na kuondoa mikono. Vizuri. Kanuni hiyo niliiandika mimi kwa kalamu yangu, mwaka magunia ya mbegu yalipoanza kupungua ghalani bila panya kunenepa. Nafurahi kusikia kwamba kuna kitu nilichokiacha huko ambacho bado kinafanya kazi.

7. Kaburi. Hapa ndipo uvumilivu wangu ulipofika mwisho wa kamba. Mmeazimia kwamba, nikishindwa kurudi nikiwa hai "kwa sababu za umri au za kiburi", nimetengewa eneo la futi sita kwa tatu nyuma ya banda la trekta, "ili mgonjwa apate utulivu wa kudumu". Nilifikiri mgonjwa ni mimi. Nikasoma tena. Mgonjwa ni trekta. Mimi, maiti, ni dawa ya kufukiwa.

Nimeichunguza ramani kwa makini. Urefu wangu ni futi sita na inchi mbili. Mdogo wangu, aliyenipima kwa kumbukumbu, amenipunguza, au mnakusudia kunikunja. Eneo mlilochora ndipo ilipokuwa ikimwagwa oili chafu tangu enzi zangu. Sikulala kwenye oili nikiwa kazini, sitalala humo nikiwa mstaafu. Na mstari wenu wa nukta, unaopita kifuani pangu, ni njia ya kugeuzia tela. Mke wangu alipoiona ramani aliuliza yeye atalazwa wapi. Nikamwonyesha nafasi iliyobaki. Akasema, "Hapo si kwenye matairi?" Nikaikunja ramani.

Tena nifafanulieni mantiki yenyewe. Trekta likipona kwa sababu nimezikwa kando yake, halafu likaharibika tena baada ya miaka mitano, mtamzika nani? Mnaye dereva wa akiba?

Kwa sababu hizo zote, naomba trekta liitwe mbele ya kamati na lisomewe barua hii kwa sauti, likiwa limezimwa ili lisimkatize msomaji. Lipewe siku saba za kueleza kwa nini lisichukuliwe hatua kwa kumpakazia mzee wa watu. Likikaa kimya, kimya chake kisiandikwe kuwa ni majonzi. Naomba pia nipewe cheti, chenye muhuri wa Ushirika, kinachosema kwamba hakuna mtu, mnyama wala chombo cha moto kinachonisubiri huko. Nitakiweka kwenye droo pamoja na vyeti vyangu vingine.

Hamjui ombi hilo lina uzito gani kwangu. Jina langu lilikuwa la nne kwenye ile karatasi ya waliotakiwa kuondoka, iliyobandikwa mlangoni pa ghala. Niliondoka kwa sababu mnazozijua, ambazo watu wa umri wetu hawaziandiki kwenye barua. Nimeishi kwenye vyumba vinne tangu hapo, na katika kila kimoja, siku za kwanza, nilikuwa nikiamka alfajiri kwa kudhani nimesikia injini ikiwashwa. Chumbani humu nimekaa miaka kumi na miwili na sijasikia kitu. Mtu akikaa mbali kiasi hicho anapata haki moja tu, nayo ni ya kusahauliwa. Nilikuwa nimeanza kuizoea. Kisha mkanipigia simu, mkanipa trekta niongee nalo.

Nisalimie wajumbe wote saba, na hasa yule aliyepiga kura ya kupinga kaburi, kama yupo. Nisalimie shangazi, mwambie dawa ya macho niliipata na nimemwona vizuri kwenye picha ya trekta, amesimama pembeni, hajabadilika, isipokuwa fimbo. Nisalimie mama wa duka la spea, mlinzi wa ghala na mwenzake wa usiku, shemeji na chumvi yake, wale watatu waliokuwa juu yangu kwenye karatasi, na kila mwenye shamba bondeni. Mnunuzi wa vyuma chakavu msimsalimie.

Ni mimi niliyekuwa dereva wenu, ambaye kwa barua hii nakanusha kuwa ugonjwa wa chombo chochote kile.

*

Nyongeza. Ukurasa huu si wa kikao. Apewe mdogo wangu.

Mdogo wangu,

Mke wangu amesoma yote yaliyotangulia, akakunja karatasi vizuri, akauliza swali moja: "Na kile kifungo kilichomo kwenye kopo la majani ya chai, hukiandikii?" Miaka yote nilidhani hajawahi kukiona.

Fundi yuko sahihi. Tangi ni safi. Chujio ni jipya. Klachi haitelezi, na mguu wako hauna uzito wowote. Waambie wafute malalamiko yangu yote kuanzia la kwanza hadi la sita. La saba libaki, kwa sababu ya oili.

Chukua bisibisi bapa, spana na koleo. Nenda kwenye pampu, kwenye ile skrubu yenye waya na donge la risasi. Kata waya. Ua la matundu manne halikutoka kiwandani. Ni alama ya kifungo cha koti langu, nilichokikandamiza kwenye risasi ikiwa bado laini. Skrubu ile ndiyo inayoiwekea pampu kipimo cha juu cha dizeli. Likisimama, au likienda tupu, trekta haliombi kingi, ndiyo maana hujawahi kuona kosa. Likibeba mzigo linaomba zaidi, na mimi nilikuwa nimelifungia. Niliikaza mzunguko mmoja na nusu. Legeza nati yake, irudishe skrubu mzunguko mmoja na nusu kinyume cha saa, usizidishe hata robo, kisha kaza nati. Rudisha sahani zote tatu. Nenda bondeni kwenye udongo mzito, shusha plau. Likitoa moshi kidogo wa kijivu linapoanza kuvuta, usiogope. Ndivyo lilivyokuwa.

Asubuhi ile waliponiaga, lori la kunichukua lilichelewa kwa saa tatu. Niliweka sanduku na godoro chini, nikarudi bandani kuliaga trekta, na maneno ya Mwenyekiti bado yalikuwa begani mwangu. Halitajua hata kama umeondoka. Nikalifanya lijue. Nilijiambia nalilinda lisije likachoshwa na wageni, lakini nilikuwa najua ninachofanya. Nilitaka mvua za kwanza zisipite kabla mtu hajasema, "Mwiteni." Nilikadiria wiki mbili za kulima. Koti sikulisahau, niliona haya kulivaa likiwa limepungua kifungo, nikaliacha kwenye msumari. Wale watatu wa kwenye karatasi walirudi baada ya miaka sita bila kuitwa na mtu, wakapokelewa. Mimi nilikaa nikisubiri barua. Barua imekuja mwaka huu.

Na aliyelipia kosa hilo ni wewe, mbele ya watu wa sokoni. Shemeji aliponiandikia kwamba wanakuita Polepole, nilisikitika, mdogo wangu, lakini kabla ya kusikitika nilifurahi kidogo. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Miaka thelathini na mmoja umelima mashamba ya kaya sabini na mbili kwa trekta lililokabwa koo, na kila msimu umemaliza. Mimi nisingeweza. Ningeliuza mwaka wa pili na kusema limezeeka. Nimeandika hapo juu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ilikuwa yangu. Kamati nayo ilikosea kidogo tu: trekta halikuwa linanililia, lakini ugonjwa wake kweli ulikuwa ni mimi.

Uliuliza utakuwa nani. Utakuwa dereva, kama ulivyokuwa.

Ukitaka kuusoma ukurasa huu kikaoni, usome. Ni haki yako, na usome polepole ili wasikie. Wakikutajia Kanuni ya Tisa, waambie aliyefunga muhuri amekutuma kuufungua, na sahihi yake ni hii hapa. Kifungo nimekitia ndani ya bahasha. Toa kile chekundu, ushone hiki. Koti ni lako, ingawa halikutoshi.

Mimi sitarudi.